Ukuta ni wa Nani?

Mwanafunzi wa falsafa akisikia neno magofu, mawazo yake hukimbilia Athens, mji aliofia Socrates mwaka 399 kabla ya Kristo. Nauli yangu mimi ilinifikisha karibu zaidi. Nilipanda basi Musoma, nikavuka mpaka Sirari, na kupitia Migori nikaenda kuyaona magofu ya Thimlich Ohinga, nchini Kenya. Huko ni nchi ya nje kwa sababu Waingereza na Wajerumani waligawana ardhi yetu kwa mstari mwaka 1886. Lakini Wajaluo wa Rorya, upande wetu wa mstari, husema lugha ileile inayosemwa kule.

Thimlich Ohinga ni maboma ya mawe. Kuta zake, ambazo mahali pengine hupita kimo cha meta nne, zilijengwa bila udongo wala chokaa. Mawe makubwa yalipangwa upande wa nje na wa ndani, na katikati yakajazwa madogo hadi ukuta ukajishika wenyewe. Malango ni mafupi, kiasi kwamba mtu mzima huingia ameinama, na adui aliyeinama si wa kuogopwa sana. Inakisiwa kuwa ujenzi ulianza karne ya 16, na watu waliishi humo kwa kupokezana hadi katikati ya karne ya 20. Mwaka 2018 UNESCO iliyaandika maboma hayo katika Urithi wa Dunia.

Jambo lililonishika ni huko kupokezana. Waliojenga kwanza hawajulikani kwa hakika. Jamii moja iliondoka, nyingine ikaja, ikakuta ukuta umebomoka hapa na pale, ikaurudishia mawe na kuendelea kuishi. Basi, ndugu msomaji, ukuta huo ni wa nani? Ni wa aliyeweka jiwe la kwanza, au wa aliyerudisha jiwe lililoanguka?

Wagiriki walikuwa na swali linalofanana na hili. Walisimulia juu ya merikebu ya Theseus, iliyobadilishwa mbao moja baada ya nyingine mpaka hakuna ubao wa zamani uliobaki, wakabishana kama bado ni merikebu ileile. Kwao lilikuwa fumbo la kunoa akili. Kwetu mkoani Mara, ambako koo zimewahi kumwaga damu kwa ajili ya mipaka ya ardhi, swali la nani alitangulia linaweza kumtoa mtu roho.

Ni rahisi kujibu kwamba mali ni ya anayeitunza, lakini jibu hilo lina hatari. Walowezi wa Kizungu nao walidai kuwa wanaitunza nchi waliyoinyang'anya. Huko Great Zimbabwe walifika mbali zaidi, wakasema kwamba kuta zile kubwa zilijengwa na wageni kutoka mbali, si na Waafrika, ijapokuwa Gertrude Caton-Thompson alichimba huko mwaka 1929 akaonyesha kuwa ni kazi ya Waafrika wenyewe. Kumnyima mjenzi jina lake ni wizi pia. Kwa hiyo utunzaji peke yake hautoshi. Anayetunza ni lazima akiri kwamba wapo waliomtangulia, na awe hakuwafukuza.

Masharti hayo mawili yakitimia, je, aliyekuja baadaye bado ni mgeni? Henry Odera Oruka, mwanafalsafa wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliyefariki mwaka 1995, aliwaendea wazee wa vijijini kuthibitisha kwamba fikra haihitaji kalamu. Aliwatofautisha wenye hekima wanaoyahifadhi mapokeo ya jamii yao na wale wanaoyapima kwa akili zao. Tuyapime basi na ya kwetu. Waswahili husema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi hudhani methali hii inawasema wageni wavivu. Mimi naiona inaweka pia mwisho wa ugeni: aliyepewa jembe akalima amekwisha kuingia katika kazi ya nyumba. Haifai kumpa jembe siku ya tatu, kisha kumwita mgeni mwaka wa thelathini, siku ya kugawa shamba.

Nayasema haya nikiwa mkazi wa Kitaji. Baba yangu alihamia hapa Musoma, katika nchi ya Wakwaya, akafanya kazi na kuzikwa hapa. Mpaka leo nikitoa maoni mtaani, hakosi mtu wa kuniuliza, "Kwani wewe kwenu ni wapi?" Sina haja ya kudai kwamba babu zangu walizaliwa hapa, huo ungekuwa uongo, tena dharau kwa waliotupokea. Namjibu kwamba nchi hii niliikuta na wenyewe, nawashukuru, na mfereji unaopita mbele ya nyumba zetu nauzibua pamoja naye. Kwa maoni yangu, huko ndiko kuwa mwenyeji.