JE, KUULIZWA JUU YA DAMU NI KUHUKUMIWA?



Mara nyingi mtoto akipungukiwa damu kwa malaria au kwa ugonjwa wa SS, lopitali inaita watu wa jamaa waje kutoa. Baba mdogo anafika mbio, amekwisha kukunja mkono wa shati. Lakini kwanza anaulizwa: Ulipata kuugua maini? Miezi hii ulikwenda na mwanamke wa nje? Anakasirika: "Nimekuja kuokoa, nanyi mnaniita mchafu?"

Sisi wa Mokambo tunajua mambo ya mpaka. Tukirudi kutoka Mufulira, mizigo inafunguliwa, ya mchungaji na ya mwizi sawasawa, wala hatusemi tumehukumiwa. Damu nayo ni vivyo hivyo. Inapaswa kupimwa SIDA, magonjwa ya maini ya aina B na C, na kaswende. Ya kila mtu, hata ya nabii.

Mwingine atasema: Kama kipimo kipo, maswali ni ya nini? Ni kwa sababu ugonjwa ulioingia juzi unaweza kujificha kwa majuma, kipimo kisiuone. Hapo mlinzi wa mtoto ni ulimi wa mtoaji.

Tusisahau ya Kinshasa. Mwaka 1988 watafiti waliofanya kazi katika Hospitali ya Mama Yemo walionyesha kwamba kadiri mtoto alivyotiwa damu mara nyingi, ndivyo hatari ya kuwa na virusi vya SIDA ilivyozidi. Wengi walitiwa damu kwa sababu ya malaria. Mtoaji asiyejua hana hatia. Lakini anayejua na kunyamaza, atajibu nini?

Hata hivyo, kosa si lake peke yake. Anaficha kwa sababu jamaa wanamngoja mlangoni, na akitoka bila kutoa, kesho kanisa zima linamsengenya. Sisi ndio tunaomfunga ulimi. Tunadai ukweli katika maungamo, kisha tunamwadhibu anayeusema.

Basi tuazimie hivi: ndugu akirudi na kusema, "Leo sikuweza," tusimuulize sababu. Pengine ana homa, pengine naye damu yake ni kidogo, pengine ni jambo lake na Mungu. Tumshukuru, tutafute mwingine. Kwa maana aliyezuia damu yake ili mtoto asidhurike, huyo naye amempa uhai.