Kinywa Kilichofumbwa

Utashi, yaani uwezo wa nafsi kutaka jambo au kulikataa, aghalabu huhesabiwa kuwa tunda la akili iliyokomaa, na ndiyo maana mtoto wa miezi sita anayefumba kinywa mbele ya kijiko cha uji huonekana hana neno la kusikilizwa. Misunkumilo, kata ya Manispaa ya Mpanda katika mkoa wa Katavi unaovuna mahindi, mpunga na karanga, swali la iwapo mtoto huyo ana utashi haliishii vitabuni, kwa kuwa uji wa mahindi uliotiwa karanga za kusaga waweza kuwa tayari na mtoto bado akageuza uso.

Aya ya 233 ya Sura ya Al-Baqara katika Kurani, baada ya kutaja miaka miwili kamili ya kunyonyesha, inawaruhusu wazazi kumwachisha mtoto ziwa mapema wakiridhiana na kushauriana. Neno lake la Kiarabu, tashawur, lina shina moja na shura, yaani mashauriano, lile lile linalotumika kwa mambo ya jamii nzima, na ni jambo la kustaajabisha kwamba ziwa la mtoto limepewa daraja hiyo. Mtoto mwenyewe si mukallaf, yaani hajafikia umri wa kubebeshwa wajibu wa dini, lakini asiyebebeshwa wajibu hapotezi haki. Augustino, askofu wa Hippo katika Algeria ya leo, aliandika katika Maungamo yake jinsi mtoto mchanga anavyohangaika kwa viungo na sauti ili watu wajue anachotaka. Yeye aliona katika utoto huo hata dalili za dhambi, hukumu iliyo nzito mno kwa kiumbe wa umri huo, ila ushahidi wake kwamba kutaka hutangulia kusema unabaki imara.

Kukataa, hata hivyo, hakuna maana moja. Ulimi unaosukuma uji nje huenda unatii tu silika ya kunyonya ambayo haijafifia, na ladha ngeni huenda ikahitaji kuonjwa mara nyingi, siku baada ya siku, kabla ya kupokelewa. Kwa upande mwingine, Shirika la Afya Duniani linaelekeza chakula cha nyongeza kianze mtoto atimizapo miezi sita, huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi, kwa sababu maziwa ya mama pekee hayatoshelezi tena mahitaji yake, hasa ya madini ya chuma. Mzazi basi hana ruhusa ya kuliacha jambo lenyewe la kumlisha, bali ana wajibu wa kukiacha kijiko hiki kwa sasa na kurudi nacho baadaye. Kumlaza mtoto na kumziba pua ili ameze ni kuuvunja utashi huo kwa jina la kuulisha mwili, na mwili wenyewe huhatarishwa, kwa kuwa uji waweza kuingia njia ya hewa akapaliwa.

Subira hiyo ina mpaka. Mtoto anayekataa uji lakini ananyonya, anacheza na kuongezeka uzito kwenye kadi ya kliniki bado anazungumza kwa kinywa chake. Anayekataa hata ziwa, akalegea au uzito wake ukashuka, hapo kinachokataa huenda ni ugonjwa, naye apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo.