Kweli Haitazami Cheo cha Mtu

Mtu mwema akinena neno lisilo kweli, je, wema wake waweza kuligeuza likawa kweli? Tutazame namba moja, nayo itatufundisha.

Namba 15 yagawanyika: ni 3 mara 5. Lakini 13 haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe tu. Sasa zidisheni 2 kwa 2, tena kwa 2, mpaka hizo 2 zitimie 67, kisha ondoeni 1. Mtapata 147.573.952.589.676.412.927. Je, namba hiyo ni ndugu ya 13 ama ya 15?

Mwaka 1644 Padri Marin Mersenne, mtawa Mfaransa mwenye elimu nyingi, aliandika kwamba ni ndugu ya 13. Watu walimheshimu, na neno lake likakaa zaidi ya miaka 200. Mwaka 1876 Mfaransa mwingine, Édouard Lucas, alionyesha kwamba namba hiyo yagawanyika, ingawa hakuweza kusema yagawanyika kwa namba zipi. Halafu Oktoba 1903, katika mkutano wa wataalamu wa hesabu huko Marekani, Frank Nelson Cole alizitaja: 193.707.721 mara 761.838.257.287. Yasimuliwa kwamba kuzitafuta kulimchukua Jumapili za miaka 3.

Je, Padri Mersenne alikuwa mwongo? Hapana. Mwongo ataka kudanganya. Yeye alikosea tu. Lakini namba haikubadilika kwa ajili ya kanzu yake. Ilikuwa yagawanyika hata siku zile ambazo hakuna mtu duniani aliyejua. Kweli haingoji tuijue ndipo iwe kweli.

Labda mtu atasema: «Mbona sisi Wakristu twaamini kwa neno tulilopewa?» Ndiyo, twamwamini Mungu, kwa kuwa yeye hawezi kukosea wala kudanganya. Mwanadamu, hata akiwa mtakatifu, aweza kukosea.

Basi tujipime. Mtoto akifa kijijini, mmoja husema: «Yule mama mzee ni mlozi.» Na kwa sababu msemaji ni mtu mkubwa, wote huitikia. Neno hilo limetoka kinywani mara moja. Nani atakaa hata Jumapili moja kulichunguza? Namba ikisingiziwa hailii. Lakini yule mama hufukuzwa, pengine hupigwa hata kufa, na waliomtesa hurudi kanisani kusali rozari.

Amri ya nane haikatazi uwongo tu. Yakataza pia kumhukumu mwenzetu vibaya pasipo sababu ya kutosha. Kwa hiyo, tukisikia neno baya juu ya mtu, tusiulize kwanza: «Nani amesema?» Tuulize: «Amejuaje?» Na ikiwa hakuna ajuaye, tunyamaze, tena tumlinde yule asiye na mtu wa kumtetea.