Je, Anayetazama Tu Hadaiwi?

Je, msafiri anayetazama mandhari ya watu bila kuchukua chochote ana deni kwa wenyeji? Wengi wetu tutajibu haraka kwamba hana. Macho hayana pazia, na ziwa halikauki kwa kutazamwa. Insha hii inalipinga jibu hilo kwa mfano wa Ziwa Mweru, kaskazini mwa Zambia, ambako nilisafiri kwa basi mwezi Januari kutoka Nchelenge kuelekea miji ya Ukanda wa Shaba.

Ziwa Mweru limekatwa na mpaka wa Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mto Luapula huingia upande wa kusini, na maji hutokea Pweto, kaskazini, yakiitwa Luvua. Kutoka Nchelenge na Kashikishi, boti huenda visiwa vya Isokwe na Kilwa. Msomaji aliyezoea Kilwa ya pwani yetu atashangaa kuikuta nyingine huko bara, na upande wa Kongo uko mji wenye jina hilohilo. Wakati huo wa mvua, majani ni mabichi, vumbi limelala, na maji yametanda kimya hadi upeo wa macho, karibu bila mtumbwi hata mmoja. Abiria mwenzangu alitazama dirishani akasema hajawahi kuona mahali penye amani kiasi hicho.

Lakini amani ile haikuletwa na maumbile peke yake. Kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari kila mwaka, sheria ya Zambia hufunga uvuvi ili samaki wazaliane. Mitumbwi haikuwa majini kwa sababu ilikuwa imepinduliwa ufukweni. Mama mmoja aliyekuwa akiuza mihogo kando ya barabara, ambaye biashara ya ng'ambo ilikuwa imemfundisha Kiswahili, alinieleza jambo hili vizuri kuliko kitabu. Nilipomwambia, “Mama, ziwa lenu limetulia,” alicheka akasema, “Ziwa limelala, mwanangu, lakini matumbo ya watoto hayajalala.”

Hapa ndipo swali la maadili linapoanza. Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1790 kuhusu uwezo wa kuamua, alisema kwamba anayekiona kitu kuwa kizuri kwa kweli hukitazama bila kukitamani kwa faida yake. Kwa kipimo hicho, abiria wa basi ndiye mtazamaji bora: hahitaji kitu kutoka ziwani. Lakini kwa nini hahitaji? Kwa sababu ameshiba, na nauli ya kuondoka iko mfukoni. Mvuvi hana nafasi hiyo. Akiyatazama maji, anaona ada ya shule na ugali usio na kitoweo. Simaanishi kwamba mvuvi haoni uzuri. Ninachosema ni kwamba utulivu wa moyo unaomwezesha msafiri kufurahia bila kutamani ni bahati, na bahati haifai kugeuzwa kuwa sifa ya jicho lake.

Mpinzani atasema: sheria ile ni kwa faida ya wavuvi wenyewe, na msafiri hakuitunga. Sehemu ya kwanza ina ukweli. Luapula ina historia ya samaki aitwaye mpumbu, aliyekuwa akipanda mto kwa makundi makubwa nyakati za mvua ili kutaga mayai. Alivuliwa katika safari hiyohiyo ya uzazi, na kufikia miaka ya 1950 alikuwa amepungua mno. Kufunga ziwa, basi, kuna sababu. Lakini tukumbuke samaki wa Luapula walikuwa wakienda wapi: sehemu kubwa ilipelekwa kulisha wafanyakazi wa migodi ya shaba, Katanga na Ukanda wa Shaba. Midomo iliyolimaliza ziwa haikuwa ya ufukweni peke yake.

Jambo hili lilinidhihirikia mwisho wa safari. Kutoka Mansa, basi huvuka Luapula kwa daraja la Chembe, lililofunguliwa mwaka 2008, hukata kipande cha ardhi ya Kongo, kisha huingia tena Zambia karibu na Mufulira. Nilishukia Kitwe. Huko Januari haina tofauti na Agosti. Samaki wa ziwa wakiadimika, kuna kuku, na kuna samaki walioganda waliotoka China. Mjini hakuna aliyefunga chochote. Miezi mitatu ya kulinda samaki watakaoliwa na wote hubebwa zaidi na wale walio karibu na maji. Kwa hiyo sehemu ya pili ya hoja ya mpinzani haisimami. Deni halitokani na kosa tu. Hutokana pia na kufaidika na kujinyima kwa mwingine.

Masimulizi ya Luapula yenyewe yanalijua jambo hili. Husimuliwa kwamba Nachituti, baada ya kulipiziwa kisasi cha mwanawe aliyeuawa na Nkuba, ndugu yake Nachituti mwenyewe, alimkabidhi Mwata Kazembe kapu la udongo na chungu cha maji, yaani nchi na ziwa. Maji yale yalitolewa kama shukrani, na shukrani hufunga pande mbili. Hata mfalme hakulipata ziwa bure. Itakuwaje abiria wa dirishani?

Basi msafiri anadaiwa nini? Hadaiwi machozi, wala kuacha kufurahia. Kwanza, anadaiwa kuuliza kabla ya kuita ukimya amani. Pili, asimkandamize muuzaji wa kando ya barabara kwa kumkatia bei hadi chini, ilhali dukani Kitwe atalipa bei iliyoandikwa bila kufungua mdomo. Tatu, akiwa raia na mlaji wa mjini, adai kwamba gharama ya kulinda ziwa igawanywe, badala ya kuachiwa walio maskini kuliko wote.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Msafiri wa leo ana ujanja wa kuondoka siku ya pili, kabla jembe halijatolewa. Methali hii haimruhusu kukimbia. Inamkumbusha kwamba alikula kwa watu siku mbili, na kwamba jembe lake bado liko mlangoni.