Mchana Yuko na Nani?

Mwenzangu mmoja ofisini ameshinda wiki nzima hana raha kwa sababu simu yake imemwambia mwanawe amechelewa. Si nesi wa kliniki aliyesema, wala daktari. Ni ile programu aliyoipakua tangu ana mimba, inayomtumia ujumbe kumweleza mtoto wake alipaswa awe anafanya nini sasa. Miezi 8, inasema, mtoto anatambaa. Wa kwake hatambai. Ukimweka chini anakaa palepale kama kiroba cha mchele, anacheka, ananyoosha mikono abebwe. Basi mama wa watu ameshaulizia bei ya kigari cha kujifunzia kutembea, na ameanza kuchunguza kama upande wa baba kuna aliyewahi kuchelewa.

Mama anayetuletea chai na vitumbua alikuwa akimimina huku anasikiliza. Akauliza: "Kwani mchana yuko na nani?"

"Na dada wa kazi."

"Anamshusha chini, au anambeba tu ili asilie?"

Hakujibiwa. Tangu hapo swali hilo limenikaa kichwani, maana sijaona programu inayoliuliza.

La kutambaa lenyewe halina makuu. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitoa vipimo vya hatua za ukuaji vilivyotokana na watoto wenye afya njema wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Kutambaa kwa mikono na magoti kulianza popote kati ya miezi 5 na siku kadhaa hadi miezi 13 na nusu, na watoto kama 4 katika kila 100 hawakutambaa hivyo kabisa. Walisimama dede, wakaenda zao. Mwaka 2022 wataalamu wa afya wa serikali ya Marekani wakakuondoa kutambaa kwenye orodha yao. Mwenye wasiwasi aende kliniki, simzuii. Ila kigari asinunue.

Linalonikera ni ile dhana kwamba mtoto hufunguka mwenyewe kwa tarehe, na tarehe ikipita kasoro iko ndani yake, au kwenye ukoo wa baba yake.

Miaka ya 1950 mwanasaikolojia Mfaransa, Marcelle Geber, aliwapima watoto wachanga Kampala akashangaa jinsi walivyokaza shingo na kukaa mapema kuliko wa Ulaya. Wako waliofurahia kulifanya jambo hilo kuwa la damu: Mwafrika huzaliwa na nguvu za mwili. (Ukisikia sifa ya namna hiyo, subiri. Nusu ya pili ya sentensi huja nyuma yake, nayo haikusifii.) Kisha Mmarekani Charles Super akafanya utafiti Kokwet, kijiji cha Wakipsigis nchini Kenya, na mwaka 1976 akachapisha alichokiona. Watoto wa Kokwet waliwahi kukaa, kusimama na kutembea, kiasi cha mwezi mmoja mbele ya wenzao wa Marekani. Katika kutambaa hawakuwatangulia.

Sasa hiyo ni damu gani, inayojua kukaa ikasahau kutambaa? Jibu lilikuwa uani. Akina mama wa Kokwet walikuwa wakifundisha kukaa: mtoto anachimbiwa kishimo ardhini, anawekwa humo, au anazungushiwa blanketi mpaka mgongo ujue kusimama wenyewe. Walifundisha kutembea: anashikwa mikono, anaendeshwa tete, leo na kesho tena. Kutambaa hawakuona haja ya kukufundisha. Nami siwalaumu, nani anataka mtoto atambae kuelekea mafiga yenye moto? Walichokitaka walikifanyia kazi, na miguu na migongo ya watoto ikaitika.

Mbali na hapo, Paraguay, watoto wa jamii ya Ache enzi za kuishi msituni walianza kutembea wakikaribia miaka 2, kwa sababu msitu haukuwa na pa kumshusha mtoto. Programu ya mwenzangu ingewapigia kengele wote. Wakikua walipanda miti mirefu bila wasiwasi.

Najua kuna msomaji ananingoja hapa: basi turudi kwa bibi zetu, walijua kila kitu. La. Wako katika bibi hao waliokamua maziwa ya kwanza na kuyamwaga wakidhani ni machafu, na waliomnywesha uji mtoto wa wiki chache. Mila siipigii magoti. Ninachosema ni kwamba Kokwet mtoto alipokuwa na dada yake, mama alikuwa shamba la karibu, na nyumba nzima ilijua inataka mtoto aweze nini. Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam, saa nne asubuhi, nyumbani kwa mwenzangu na kwa wengi wetu, yuko binti aliyeletwa kutoka kijijini, ambaye katika nyumba nyingine hajafikisha hata miaka 14 ambayo sheria inaitaka kabla ya mtu kuajiriwa. Ana nguo za kufua, geti limefungwa, runinga inaongea peke yake. Ameagizwa jambo moja: mtoto asilie. Anatii, anambeba. Na mtoto naye anajifunza lile moja analofundishwa, kunyoosha mikono.

"Mama akae nyumbani alee!" Sauti hiyo naijua, na kwa kawaida ni nzito. Lakini bibi zetu hawakukaa nyumbani. Walilima na mtoto mbelekoni. Jaribu leo kukaa kaunta ya benki na mbeleko.

Kwenye khanga tumeandika kwamba kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 tumeandika siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mmoja, na anayeanza likizo wiki 4 kabla ya kujifungua anazikata humohumo. Baba ana siku 3. Sheria hiyohiyo inampa mama hadi saa 2 za kunyonyesha kwa siku. Kwa anayefanya kazi Posta, katikati ya jiji, na kuishi Chanika, hazitoshi daladala ya kwenda na kurudi. Kliniki wakati huohuo inamwambia amnyonyeshe maziwa ya mama pekee kwa miezi 6. Serikali ni moja, mdomoni mwake hesabu za miezi ni mbili tofauti.

Nataka miezi 6 yenye malipo kwa mama na mwezi mzima kwa baba, si siku 3 zinazoishia kwenye foleni ya kulipia wodi. Mwajiri atasema ni ghali, na kweli ni ghali, hasa kwa mwenye duka la wafanyakazi wanne. Ndiyo maana asiachiwe peke yake. Hifadhi ya jamii tayari ina mafao ya uzazi, yapanuliwe yabebe miezi inayoongezeka. Na kwa mama ntilie na muuza nyanya, ambao hawana mwajiri wa kumwomba likizo, nataka kila soko liwe na chumba cha kulelea watoto mchana, chenye mkeka na mtu mzima anayelipwa. Masoko mapya yanajengwa, na sijaona hata moja lililosahau ofisi ya ushuru.