Je, Wema wa Kinyongo ni Wema?



Baada ya kipindi cha VIWAWA siku moja, binti mmoja alibaki nyuma akaniuliza swali ambalo sikulijibu vizuri. "Frateri, mimi siku hizi nikienda Misa sijisikii chochote. Naenda tu kwa sababu mama atanisema. Sasa huo si unafiki? Si bora nibaki nyumbani mpaka moyo urudi?" Nikampa jibu la haraka haraka, kwamba aendelee kusali. Akaitikia kwa adabu, lakini niliona kabisa halikumfikia. Nilitembea na swali lile kwa siku nyingi, na mahali nilipoanza kuliona vizuri sikupategemea: jikoni, nimechuchumaa mbele ya sufuria la chuma, machozi yananitoka kwa moshi, nampikia kuku mtu ambaye simpendi.

Ngoja niwaeleze. Niko mwaka wa kichungaji parokiani. Falsafa nimemaliza, teolojia bado. Jumamosi ile mama anayetupikia alikuwa amekwenda msibani. Paroko akaniita: "Frateri, mchana tuna mgeni. Kuna jogoo bandani, fanya utaratibu." Nikauliza mgeni ni nani. Akanitajia mzee mmoja wa kigango cha mbali.

Sasa mzee huyo, wiki mbili kabla, alisimama kwenye kikao mbele ya watu wote akasema hela za safari ya vijana hazieleweki zimekwenda wapi. Hakunitaja. Lakini aliyekuwa anashika daftari la hela hizo ni mimi, na kila mtu akageuka kunitazama mimi. Daftari lilikuwa sawa, hesabu zilisomwa, kikao kikaisha. Hakuomba radhi. Na mimi nikalala na maneno yale, nikaamka nayo, nikasali nayo hata Masifu ya Asubuhi. Ndiye huyo sasa ninayetakiwa kumchinjia jogoo.

Nikamchinja. Nikamnyonyoa kwa maji ya moto, nikambabua juu ya moto kuondoa vinyoya vilivyobaki, nikamkata. Alikuwa jogoo mzee hasa, nyama yake ngumu kama mpira. Sufuria tunalotumia ni zito mno, lina miguu mitatu, liliachwa parokiani na mmisionari mmoja miaka mingi nyuma. Halihitaji mafiga; unalisimamisha tu juu ya kuni. Linachelewa kupata moto, lakini likishapata haliachii hovyo, na ndiyo maana linafaa kwa kuku wa kienyeji. Nikamtia nyama na tangawizi, kitunguu saumu na chumvi, maji kidogo, nikafunika.

Halafu likanijia wazo ambalo naona aibu kuliandika. Nilijua jogoo yule anataka saa mbili na zaidi. Nikasema moyoni: nampa saa moja tu. Hakuna atakayenilaumu. Nitasema kuni zilikuwa mbichi. Mzee atatafuna mpaka taya zimuume, na mimi nitakuwa nimetii agizo la paroko bila kasoro. Yaani nilikuwa nimepata njia ya kulipiza kisasi kwa kutumia utii!

Nikiwa pale napuliza moto, falsafa niliyosoma ikaanza kunigombeza.

Aristotle, katika kitabu chake cha maadili, anasema mtu anayetoa huku akiumia hawezi kuitwa mkarimu, kwa kuwa maumivu yake yanaonyesha kwamba mali anaipenda kuliko tendo jema lenyewe. Kwa kipimo hicho mimi nilikuwa nimeshafeli hata kabla jogoo hajachemka. Kant naye, katika kitabu chake cha mwaka 1785 kuhusu msingi wa maadili, anakwenda karibu upande wa pili kabisa. Anatupa mfano wa mtu aliyezongwa na huzuni yake mwenyewe, hana hamu tena ya kumsaidia yeyote, lakini anajikokota na kusaidia kwa sababu ni wajibu. Hapo ndipo tendo lake, asema Kant, linapopata thamani ya kimaadili kweli kweli. Kwa Kant, basi, kinyongo changu si kizuizi. Pengine ndicho kinachoonyesha kwamba nimetenda kwa wajibu na si kwa kufuata hisia.

Nilipokuwa darasani nilimpenda Kant kwa hilo. Jikoni sikumpenda sana. Fikirieni mzee yule amekaa mezani, ameshika tonge, nami namwambia: "Mzee, karibu. Nimekupikia kwa sababu nimeagizwa, na kadiri ninavyokuchukia ndivyo tendo langu linavyozidi kuwa safi." Tonge lingepita kooni? Mgeni angegeuka kuwa ngazi tu ya kupandia mimi.

Lakini Aristotle naye sikumwachia. Tukimsikiliza yeye kwa sentensi ile moja, yule binti wa VIWAWA angebaki nyumbani kweli, na mimi ningevua aproni. Hapo ikabidi nikumbuke kwamba Aristotle huyo huyo anasema tunakuwa waadilifu kwa kutenda matendo ya uadilifu, kama fundi anavyokuwa fundi kwa kujenga. Huwezi kusubiri uwe fundi ndiyo ushike mwiko. Maumivu ya siku ya kwanza yanakuonyesha tu umefika wapi katika safari. Hayasemi kwamba safari imekwisha.

Sufuria lenyewe linalijua hilo. Chuma cha namna ile kikiachwa hivi hivi kinashika kutu. Mama wa jikoni alinifundisha: ukimaliza kuosha, likaushe juu ya moto, lipake mafuta kidogo sana, liache lipate moto tena mpaka mafuta yagande na kuwa weusi. Mara moja haitoshi. Na ukipaka mafuta mengi kwa pupa ili umalize kazi kwa siku moja, linabaki linanata tu. Ni tabaka jembamba juu ya tabaka jembamba, miaka na miaka, mpaka nyama haigandi tena. Hata nyanya hutakiwi kuzichemsha humo muda mrefu, maana uchachu wake unakwangua ile kazi yote. Nikafikiri juu ya ile wiki mbili niliyochemsha maneno ya mzee ndani yangu.

Basi, nikiwa nakata karoti, nikakumbuka jambo. Mzee yule hana magego. Nilishamwona kwenye jumuiya akila muhogo wa kuchemsha, anauviringisha mdomoni kwa ulimi na meno ya mbele mpaka ulainike. Nikasimama na kisu mkononi. Saa moja yangu ile ilikuwa inamlenga mtu asiye na meno.

Sitawadanganya kwamba pale nikasikia upendo umenishukia. Sikusikia kitu. Nilikuwa bado nimekasirika. Ila nikaongeza kuni, nikaongeza maji, nikaacha jogoo achemke, na karoti nikazikata vipande vidogo vidogo, na viazi vilevile. Nikasubiri mpaka mfupa ukaanza kuachia nyama. Ndipo nikaepua nyama na mchuzi wake, nikakaanga vitunguu taratibu mpaka vikawa na rangi ya kahawia, nikatia bizari nyembamba, manjano, giligilani iliyosagwa, kijiti cha mdalasini na iliki tatu nilizozipondaponda. (Viungo vitangulie kwenye mafuta, jamani. Ukivimwaga kwenye maji mwishoni utapata harufu ya duka, si ya mchuzi.) Nikarudisha nyama, viazi, karoti, halafu hoho, na nyanya mbili tu mwishoni.

Mtakatifu Thomas wa Akwino anasema kupenda ni kumtakia mtu mema. Angalieni, ni kutaka, kazi ya utashi. Kumbe nilikuwa nautafuta moyo mahali pasipo pake. Nilikuwa naupima kwa joto la kifuani, nikikuta baridi nasema hamna moyo humu. Lakini mkono uliokata karoti ndogo kwa ajili ya meno ya mtu fulani, mtu yule na si mwingine, ulikuwa unataka nini kama si mema yake? Na ile saa moja ya mwanzo ilikuwa inataka nini? Hisia zangu saa nne asubuhi na saa saba mchana zilikuwa zilezile. Kilichobadilika ni kile nilichomtakia mtu. Ndiyo maana unafiki wangu halisi ulikuwa ule wa mwanzo, wa kutii agizo huku nakusudia maumivu, na haukuwa huku kupika bila raha.

Mnaukumbuka mfano wa wana wawili, Mathayo 21? Mmoja alikataa, halafu akajuta, akaenda shambani. Bwana wetu hasemi alikwenda akiimba. Na yupo Bruda Lawrence wa Ufufuko, Mkarmeli wa Paris aliyefariki mwaka 1691, ambaye wengi tunamjua kama yule aliyemwona Mungu katikati ya masufuria. Kinachosahaulika ni kwamba kazi ya jikoni kwa tabia yake aliichukia. Alipangiwa, akaifanya kwa miaka mingi kwa ajili ya Mungu, na baadaye alisema imekuwa nyepesi kwake.

Hata hivyo Thomas hataki tulale hapo. Anafundisha pia kwamba ni bora zaidi mtu autake wema kwa utashi na pia hisia zake zishiriki, na Katekisimu, namba 1770, inafundisha hivyo hivyo. Kwa hiyo kinyongo changu kilikuwa upungufu, siwezi kukipamba. Kant angekipa medali. Kanisa linanitaka nipone.

Mambo mawili niyaseme kabla sijasahau. La kwanza: tafadhali, mtu asichukue maneno haya akamwambia dada anayepigwa nyumbani kwamba aendelee kupika kwa upendo. Kumtakia mema anayekuumiza wakati mwingine ni kumripoti, na kuondoka pale alipo. Mimi niliguswa heshima tu, tena kikaoni. La pili linanichoma zaidi. Mimi nimepika mchana mmoja nikapata makala nzima ya falsafa. Mama yetu wa jikoni anapika kila siku, akiwa na homa, akiwa na deni, akitoka msibani, na hakuna aliyewahi kumuuliza kama leo ana moyo. Tunakula na kuinuka. Aliporudi nilimuuliza. Akacheka, akasema, "Frateri, mimi moyo naukuta hukohuko jikoni. Siku nyingine siukuti, na chakula kinaiva tu."

Kwa hiyo dada yangu uliyeniuliza, kama unasoma: nenda Misa. Usijifanye una hisia ambazo huna, wala usimwimbie Mungu kwa sauti ya kuigiza. Mwambie ukavu wako waziwazi. Ila chagua kitu kimoja kidogo utakachokitaka kweli ukiwa pale, hata kama ni kumwombea mama yako anayekusema. Mimi sijui hisia zako zitarudi lini.

Mzee alifika saa saba na nusu, kwa baiskeli, jasho tupu. "Shikamoo mzee." "Marahaba, Frateri." Nikamnawisha mikono. Paroko akabariki chakula, tukala ugali na kuku. Mzee alikula polepole, akaongeza, akaongeza tena. Mwisho akafuta mdomo akasema, "Chumvi imezidi kidogo." Habari za hela za safari hakuzigusa, wala mimi.

Alipoondoka nikaenda kuosha sufuria. Nikalisugua kwa maji ya moto, nikalirudisha kwenye makaa likauke, nikapaka mafuta, kidogo sana.