Hisa Mbili kwa Wiki

Msikilizaji wa Mbagala, wa Tandale, nawe uliyebanwa kwenye daladala Barabara ya Kilwa, umesema mwaka huu utaweka akiba. Kiasi gani? Hapo ndipo wengi tunapokohoa.

Waulize akina mama wa vikoba, vile vikundi vya kuweka na kukopa. Baadhi wana kasha la kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti. Hisa ikiwa shilingi 2,000, ukinunua mbili kila wiki, kitabu kinagongwa mihuri miwili. Wiki 52, shilingi 208,000 kabla ya faida. Ukikosa, nafasi inabaki tupu na wenzako wanaiona. Aibu hiyo ndogo mimi naipenda, inafanya kazi kuliko hamasa.

Kama kikundi cha mtaani kwenu kinaanza mzunguko mpya, uliza kwanza bei ya hisa, ndipo uandikishe jina.